Mdodoki wa Bafuni

Siku ya kumi na moja tangu mbegu zifukiwe, mdodoki ulikuwa umekwisha kufika juu ya bafu la uani na kuanza kushukia upande wa pili. Bi Chausiku, aliyepanda madodoki hapo Temeke tangu usichana wake, alijua kwamba kwa siku kumi na moja mmea huo huwa ndio kwanza una majani manne. Jirani mmoja aliyekuwa akipita kwenda kisimani ndiye aliyecheka na kuuliza kama wameupanda au wameuita.

Walikuwa na sababu ya kuutaka ukue upesi. Mwana mkubwa wa Bi Chausiku, Sadallah, alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1951, na mvua za wiki ileile zikaangusha makuti ya bafu. Mjane wake, Mwanaheri, alikuwa amekaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakupaswa kuonwa na wanaume wa nje, na njia ya kisimani ilipita hatua sita tu kutoka bafuni. Makuti makavu hayakupatikana masika yale. Basi Bi Chausiku akatoa mbegu, na Shomari, mdogo wa marehemu, akazifukia chini ya nguzo moja, akafunga fito juu ili mmea upate pa kushika.

Kufikia Juni bafu lilikuwa limezibwa kabisa. Ndani yake mchana ulikuwa wa kijani, na hewa ilikuwa nzito. Maua yalichanua manjano, makubwa, lakini nyuki hawakuyasogelea, na yalinuka karafuu maiti. Mwanaheri alipomweleza mkwewe, aliambiwa harufu ya msiba hukaa puani mwa mjane, na ataizoea.

Alasiri moja alikuwa ameinama kuchota maji ndooni, kata ikiwa bado mkononi mwake, akahisi maji ya uvuguvugu yakimwagika kichwani polepole, mara tatu. Maji yake yalikuwa ya baridi. Aligeuka akaona majani tu. Usiku ule alipochana nywele hakuhisi chanuo. Ngozi ya kichwa ilikuwa imekufa ganzi.

Bafu na choo vilikuwa mahali pamoja, hakuwa na pengine pa kwenda. Siku chache baadaye maji yalimwagwa juu ya mkono wake wa kulia, mara tatu, na mkono ukapoa. Kisha ubavu wa kulia. Kisha mguu, na akaanza kutembea kwa kujishikiza ukutani, akidhani ni ugonjwa, akificha, mpaka alasiri ile alipohisi yale maji yakimgusa bega la kushoto, na papo hapo akakumbuka namna yeye mwenyewe alivyosaidia kumwosha mama yake mzazi juu ya kitanda cha kamba, kichwa kwanza, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, na mwisho kabisa maji yenye karafuu maiti, akajua kwamba aliyemo humo majanini hamchezei wala hamtishi, anamwosha, na kwamba umebaki upande mmoja tu.

Alitambaa mpaka jikoni.

"Mama," alinong'ona, "naoshwa."

Bi Chausiku alimshika mkono wa kulia, akauachia. Kisha akaingia bafuni mwenyewe. Alipotoka, mtandio wake ulikuwa umelowa begani, naye hakuulizwa.

Mwalimu Fakihi, msomeshaji wa Kurani wa mtaa ule, aliitwa akaja asubuhi yake. Mwanaheri alikaa nyuma ya pazia. Mwalimu alinusa ua moja, akalitupa, akamtazama Shomari na kuuliza jambo moja.

"Marehemu mlimwoshea wapi?"

Kwa desturi ya watu wale, ufuo wa kupokea maji ya maiti huchimbwa chumbani, chini ya kitanda cha kuoshea, kisha hufukiwa na mahali hapo pakaheshimiwa. Lakini Shomari alikuwa ametia saruji chumba kile mwezi wa pili, sakafu ya kwanza ya saruji katika mtaa wao.

"Uani," alisema. "Nilizungushia shuka. Sikutaka kuivunja sakafu."

"Na mbegu?"

"Palepale. Udongo ulikuwa laini."

Bi Chausiku alikaa chini kwenye vumbi. Mwalimu hakumkaripia Shomari. Alisema tu kwamba vyoo vina wenyewe wasioonekana, na mwenyewe wa pale amenyweshwa maji yale, akajifunza kazi.

Alisoma tangu saa mbili mpaka adhuhuri huku shina likikatwa, nalo likitoa maji ya uvuguvugu. Walipochimba walikuta mizizi myeupe imejisuka kama kamba za kitanda. Shomari alisema ni urefu wa Sadallah. Mama yake akaipima kwa shubiri, akatikisa kichwa. Ilikuwa fupi kwa shubiri mbili. Ilikuwa sawa na Mwanaheri.

Mmea na mizizi vilichomwa. Udongo wote, mwalimu aliagiza, ufukiwe makaburini, usibaki hata konzi. Yalijaa makapu kumi na manne, na Shomari aliyabeba peke yake mpaka magharibi.

Mwanaheri alitoka eda mwezi wa Agosti, kwa miguu yake, akarudi kwao Pugu. Mkono wa kulia haukupata joto tena, lakini aliishi miaka mingi.

Makapu yaliyofika makaburini yalikuwa kumi na matatu. La mwisho lilimchosha Shomari. Kizingiti cha chumba chake kilikuwa kimebonyea kwa mvua, akakijaza kwa udongo ule na kupiga saruji juu. Hakumwambia mtu mpaka masika yaliyofuata, asubuhi alipotoka chumbani amelowa mpaka shingoni, akijipapasa utosi kama anayetafuta kofia.

"Mama," aliuliza, "nani kanimwagia maji kichwani?"