Kikaratasi cha Buluu cha Daktari Farhia

Kila jioni, Nzilani alipomaliza kuwafungia mbuzi zizini, aliketi jikoni na mama yake, Loise, wakala isyo, mahindi na maharagwe ya shamba lao la Kathiani. Siku hizi alikunywa mchuzi tu na kuacha mahindi bakulini. Gego lake la chini lilikuwa limetoboka, nalo liliuma si haba. Hakumwambia mtu. Kaka yake Kitheka aling'olewa jino kwa koleo mwaka uliopita, na Nzilani hakutaka kabisa kukutana na koleo lile.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Jumatatu alitafuna kwa bahati mbaya punje moja iliyokataa kuiva, akapiga yowe hadi jirani akachungulia uani.

"Kumbe!" mama akasema. "Kesho tunaenda Machakos mjini."

Huko mjini, Daktari Farhia wa meno alikuwa mcheshi. Alilitazama gego kwa kioo kidogo chenye mpini, akalichokonoa kwa kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda.

"Uko na bahati. Hatung'oi, tunaziba. Ungengoja mwezi mmoja zaidi, tungeng'oa."

Nzilani nusura amkumbatie. Akadungwa sindano ya ganzi. Keke ndogo ikavuma ikichimba uozo, huku mrija ukifyonza mate. Kisha daktari akashindilia dawa nyeupe shimoni na kuimulika kwa taa ya buluu mpaka ikawa ngumu. Kumbe ni hayo tu!

Mwishowe akaweka kikaratasi cha buluu chenye wino juu ya gego. "Uma meno. Unahisi jino liko juu kuliko mengine?"

"Iko sawa kabisa!" Nzilani alijibu hata kabla ya kuuma vizuri. Alitaka kwenda zake.

Daktari akamwonyesha gego kwenye kioo. Lilikuwa na doa zito la buluu, lakini meno ya kando yake yalikuwa meupe pe. "Umeona? Hili peke yake ndilo linaguswa na la juu. Ukienda hivi, litabeba mzigo wote wa kutafuna. Litauma, pengine lipasuke, na hapo tutaling'oa."

Nzilani aliona haya. Daktari akalisaga kidogo, akauliza tena. Neno moja tu lingemtoa pale kitini. Badala yake aliuma polepole, akatulia.

"Bado kidogo, daktari. Huku nyuma."

Akasaga tena, na safari hii meno yote yakakutana.

"Mbona hukuniambia mapema, mwiitu?" mama akamuuliza bintiye.

"Niliogopa, mwaitu," Nzilani akamjibu mama.

"Hofu si kosa," daktari akasema. "Lakini sikia. Niko na kioo cha kuonea, keke ya kuchimbia na taa ya kukaushia. Chombo cha kuniambia maumivu yako sina. Hicho uko nacho wewe, na hufanya kazi ukisema kweli tu."

Nzilani alishika mlango, akasita, akarudi kitini mwenyewe.

"Daktari, kuna lingine huku juu. Nikinywa maji baridi, linasisimka."