Aliyeandika Kota Zetu Zibomolewe

"Kibwana, nimesoma ripoti yako. Nyumba ya mama yangu ina ufa gani?"

Alikuwa barazani kwetu, kikombe cha chai mkononi. Mchumba wangu kwa miaka sita sasa, mkaguzi wa majengo, ndiye aliyekagua kota zetu hapa Bigwa.

"Ule wa darini," akasema.

"Ule ni wa plasta tu! Uliniambia mwenyewe kwa mdomo wako."

Kota hizi zilijengwa baada ya vita vya Kagera, saruji ya taabu, bati halionekani. Mchoraji akabuni mapaa ya kuba, matofali ya kuchoma bila nondo, kila nyumba ikiegemea ya jirani. Miaka arobaini halijadondoka tofali. Sasa milango yote kumi na miwili imepigwa X nyekundu ya kubomolewa.

"Niliandika yenu tu, Martina. Wakubwa wakasema ikitoka moja zote zitashuka, bora zibomolewe."

"Kwa nini yetu?"

"Nimechoka! Kila nikitaja ndoa, 'Mama atabaki na nani?' Mjomba wako naye, eti kwa Waluguru mume ndiye anayehamia ukweni. Mwanaume mzima nikalale kwa mama mkwe? Nikaona nyumba isipokuwepo, utakuja kwangu."

Hata nguvu ya kugombana sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa.

"Saa kumi kuna mkutano wa wakazi na ofisa wenu. Nenda ukaseme hivyo hivyo."

"Na kazi yangu je?"

"Na nyumba za watu je?"

Alienda, jamani. Akasema yote mbele za watu. Jirani yetu mzee Abuu akamwita mshenzi. Jioni ujumbe ukaingia:

"Ubomoaji umesitishwa. Mimi nimesimamishwa kazi. Nisamehe, mke wangu."

Nikampigia.

"Asante kwa kusema ukweli, Kibwana."

"Kwa hiyo yameisha?"

"Jumapili baada ya misa Mama aliniita. Akasema, nenda kwa mwenzio mwanangu, mimi nitakaa na mdogo wako Rahel. Mjomba naye akakubali. Nilikuwa nakungoja uje nikuambie."

Nikamsikia akihema.

"Basi njoo, Martina. Njoo hata kesho."

"Nilishapanga nguo kwenye begi. Leo nimezirudisha kabatini."

"Martina..."

Nikakata simu, nikakaa kitandani nikalia kama mjinga.