Nukta Iliyoandikwa Vumbi

Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya ugali na maharage ya mchana, Avelina alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana ya useremala. Alifungua dirisha, akafuta kompyuta kwa kitambaa, kisha akafungua daftari kubwa la klabu ya anga. Kufuta kompyuta katika shule ile iliyo nje kidogo ya mji wa Njombe ilikuwa kazi isiyoisha. Fundi Yosefu akianza kuranda mbao za paini upande wa pili wa ukuta, unga wa mbao uliingia hata kwenye vikombe vya chai.

Kompyuta haikuwa mali ya shule. Bi Hamisa, mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, aliiazimisha klabu kwa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa unaisha mwezi huo.

"Nikiona matunda, itabaki," alisema siku alipoileta. "Nisipoona, ofisini kwangu kuna kazi inaingoja."

Shule haikuwa na kompyuta nyingine. Avelina, aliyekuwa kidato cha kwanza, alijua kwamba ikiondoka, klabu nayo imekufa.

Kazi yao ilikuwa kulinganisha picha. Darubini kubwa iliyo nchi ya mbali ilipiga picha za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, na kila shule ilipewa galaksi zake. Picha mpya iliwekwa kando ya picha ya zamani. Ikionekana nukta ambayo haikuwapo awali, huenda ni supanova, nyota kubwa iliyolipuka. Walijaza fomu kwenye kompyuta, kisha wakaandika kwenye daftari. Hapo Mwalimu Lenard, mlezi wa klabu aliyetuma fomu hizo, alikuwa na sheria moja: andika kwa wino ulichokiona na siku uliyokiona, wala usifute.

Jumatatu tarehe tatu, Fundi Yosefu alikuwa anaranda kwelikweli. Pembeni mwa galaksi namba kumi na nne Avelina aliona nukta hafifu. Akapitisha kitambaa mara moja. Nukta haikutoka.

"Ah, unga wa Fundi Yosefu huo," alisema. Akaandika kwenye daftari: "Namba 14: vumbi." Kwenye fomu akabonyeza "hakuna kitu kipya". Alikuwa amechoka, na zilibaki picha ishirini.

Alhamisi nukta ilikuwa palepale, tena inang'aa. Avelina akafuta, akasugua, akapuliza.

"Si uisogeze picha?" alisema Enoki, mwanafunzi mwenzake.

Picha iliposogea, nukta ikasogea nayo. Vumbi la kioo halifuati picha. Avelina akapiga kelele mpaka randa ya Fundi Yosefu ikanyamaza.

Mwalimu Lenard alituma taarifa jioni ileile. Majibu yalikuja kesho yake, na furaha yote ikaisha. Kundi la nchi nyingine lilikuwa limeripoti nyota hiyo tangu Jumanne. Hata hivyo, wataalamu walikuwa na ombi. Fomu ya Njombe ya Jumatatu ilisema hakuna kitu; je, ni kweli? Walitaka kujua mlipuko ulianza lini. Kama kuna mtu aliyeitambua nyota Jumatatu, yeye ndiye angeandikwa mgunduzi. Kama klabu ina daftari, itume picha ya ukurasa wa siku hiyo.

"Lakini uliiona!" Enoki alimnong'oneza. "Si uongo. Ni hilo neno moja tu linalotuponza."

Avelina alijua ni uongo. Hata hivyo aliuchana ukurasa, akaukunjakunja na kuuficha mfukoni mwa sweta. Akaandika mwingine, kila mstari vilevile, isipokuwa mmoja: "Namba 14: nukta mpya."

Mwalimu Lenard aliposoma alicheka kwa furaha. Hapohapo akampigia simu Bi Hamisa. "Mama, matunda hayo! Mtoto wetu ni wa kwanza!" Kisha akakuna kichwa. "Ila fomu inasema hakuna kitu. Labda niliikosea mimi wakati wa kuituma. Nitawaandikia kwamba kosa ni langu."

"Hapana, mwalimu," Avelina alisema. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. "Fomu ni sahihi. Niliandika vumbi. Ukurasa wenyewe huu hapa."

Mwalimu aliinyoosha ile karatasi mezani, polepole, mikunjo yote. Aliipiga picha, akaituma pamoja na maelezo ya ukweli wote. Kisha akatoka nje kumpigia Bi Hamisa mara ya pili.

Wiki mbili baadaye wataalamu waliandika. Ugunduzi ulibaki kwa wale wengine. Lakini kwa sababu ya neno "vumbi" wataalamu waliifungua tena picha ya Jumatatu, wakaikuta nyota ikiwa ndiyo kwanza inalipuka. Kwa darubini kubwa zaidi waliuchambua mwanga wake katika rangi zake, wakakuta alama za gesi ya haidrojeni. Basi ilikuwa supanova ya aina ya pili: nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka. Tarehe ya mlipuko ilisahihishwa. Jina la Avelina halikuwamo, wala la shule.

Ijumaa Bi Hamisa alikuja na pikapu.

"Shikamoo, mama," Avelina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako alinipigia mara mbili siku ile. Simu ya pili niliiheshimu zaidi. Lakini biashara mwaka huu ni mbaya, na niliahidi itabaki nikiona matunda." Akaibeba kompyuta mwenyewe.

"Ungenyamaza tu," Enoki alisema, akaondoka bila kumtazama. Avelina akalia.

Mwalimu Lenard aliketi karibu naye. "Siwezi kukudanganya kwamba itarudi," alisema. "Tumekosa jina kwa sababu ulipitisha kitambaa mara moja badala ya kuangalia vizuri. Hilo ni kosa, na mimi nakosea pia. Lakini fikiria kama ukurasa wa pili ungefika kule. Ungekuwa na jina, na mimi ningebeba lawama ya fomu isiyo na kosa. Kila siku ungeomba mtu asiulize. Kosa lililoandikwa, mwenye akili hulisahihisha. Kosa lililofichwa huzaa mengine, na njia ya mwongo ni fupi."

Ukurasa uliokunjamana walikwisha kuurudisha daftarini kwa gundi ya mbao ya Fundi Yosefu. Mwalimu akamkabidhi daftari.

Jumatatu, baada ya ugali na maharage, Avelina alifika kwenye chumba kile. Alikuwa peke yake. Akafungua dirisha, akafuta unga wa mbao juu ya meza tupu. Kisha akafungua daftari na kuandika tarehe kwa wino. Chini yake akaandika: "Hakuna kompyuta. Hakuna galaksi iliyotazamwa leo."