Mkanda wa Kuazima

Mkanda haukuwepo.

Haya, nimesema! Maneno mawili tu, na yamenichukua mwaka na nusu. Niliyakana mbele ya polisi. Niliyakana kanisani, nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Niliyakana hata mbele ya kioo changu, ambacho kimeniona bila wigi na hakidanganyiki upesi.

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mjane, Mkongomani wa Kivu Kusini, mkimbizi mwenye shahada ya chuo kikuu niliyoivusha mpaka ndani ya gunia la unga. Niliishi Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka minane. Kisha nikahamia Nyamitanga, hapa Mbarara, ambako nafundisha Kifaransa na kuwaandikia watu barua.

Kule Juru waliniita Madame. Kila mwenye fomu alikuja kwangu. Taratibu nikaanza kuamini kwamba jambo huwa kweli nikishaliandika mimi. Ugonjwa huo ndugu zangu hauonekani kwenye vipimo...

Ndipo nikakutana na Byamungu. Fundi wa magari, mdogo kwangu kwa miaka kumi, mabega mapana, meno yote mdomoni. Alinipenda mimi, au alipenda Kiingereza changu? Wakati ule sikuona haja ya kutenganisha.

Byamungu aliingia kwenye mchezo wa drifti. Kama huujui, nitakueleza kama nilivyoelezwa: dereva analitelezesha gari ubavu makusudi, kwenye kona, huku matairi yakifuka moshi na watu wakipiga mayowe. Wanaoteleza vizuri hupewa kikombe. Mimi ambaye huogopa hata ngazi nikawa mshabiki!

Mashindano yaliandaliwa na mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita Afande. Sheria zilikuja kwa Kiingereza. Nani atazitafsiri kwa Kiswahili? Madame, bila shaka.

Kwa hiyo sitadai kwamba sikujua. Nilizijua kuliko madereva wote. Gari linaloingia kundi la barabarani lazima liwe halali kutembea barabarani: namba, taa, breki, matairi yenye meno, viti vyote mahali pake na mkanda mzima kwa kila kiti. Gari lililobadilishwa kwa ajili ya uwanja ni jambo jingine. Hilo lazima liwe na fremu ya chuma ndani, na lisikanyage barabara kabisa. Lije juu ya lori na lirudi juu ya lori.

Gari la Byamungu halikuwa la huku wala la kule. Alikuwa amechomelea difu, ule mtambo unaoyaruhusu magurudumu ya nyuma kuzunguka kila moja kwa mwendo wake kwenye kona. Baada ya kuchomelewa yanazunguka kwa pamoja. Gari linateleza vizuri uwanjani, na barabarani linateleza vilevile, utake usitake. Fremu hakuwa nayo. Lori hakuwa nalo. Basi akaliandikisha kundi la barabarani.

Siku ya mashindano mkaguzi hakutokea. Afande akanitazama nikiwa na kalamu yangu sikioni kama karani wa zamani.

"Mama, wewe ndiye uliandika sheria. Wewe ndiye utakagua. Kwisha!"

Mimi! Mtu ambaye mpaka leo hufungua mlango usio sahihi akitafuta mahali pa kutia petroli!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo dhambi ilipokaa. Sisi watu wa Juru tunaazimana. Siku ya kupiga picha za vitambulisho, koti moja la shemeji yangu lilivaliwa na wanaume wa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, hadi mpiga picha akauliza kama tuna sare. Kiatu kimoja cha harusi huozesha maharusi wanne. Hatuoni kuwa ni uongo. Tunaona ni ujirani. Mwenye fomu anataka kuona koti, basi anaonyeshwa koti...

Na madereva wengi siku ile walikuwa watu wetu. Nilikagua matairi yaleyale manne mara tatu, kwenye magari matatu, na kila mara nikaandika "mapya". Kizima moto kimoja kilitembea kwenye mstari ule kuliko mimi. Gari likishapita, jeki inaingia, magurudumu yanatoka, yanakimbizwa kwa jirani.

Zamu ya Byamungu ikafika. Kiti cha nyuma na mikanda ya mbele alikuwa ameazima kwa rafiki yake. Nilimwona akiifunga kwa spana, nikamwona akijua kwamba namwona.

"Madame, mukanda si huu? Vuta. Si muzima?"

"Mzima. Lakini utabaki?"

"Eeh, Madame! Nakuuliza kama uko, weye unaniuliza kesho yake! Weka alama, watu mingi banangojea."

Nikauvuta. Ulikuwa mzima. Nikaweka alama.

Sikuwa nimefika gari la tatu kutoka hapo, nikageuka. Mkanda wa abiria ulikuwa umeshafunguliwa, unaning'inia begani kwa rafiki yake. Kiti cha nyuma kilikuwa chini, kwenye majani. Niliona! Kalamu ilikuwa mkononi! Ningeweza kufuta. Je, nilifuta? Nilirekebisha wigi.

Byamungu hakupata kikombe. Lakini alikuja kwangu akitoa jasho na kusema maneno niliyoyangoja miezi minane: anakwenda Juru siku ileile kumwona mama yangu, kuniposa.

Mdogo wangu Furaha alikuwa amekuja kutazama. Furaha ameolewa kulekule Juru, analima maharage, ana baiskeli, na alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili kwa ajili ya mashindano. Aliruka kwa furaha, jina na tabia vikaungana. Akaniita Yaya, kama wadogo wanavyowaita dada zao wakubwa kwetu, akasema lazima aende naye ampeleke hadi mlangoni.

Kiti cha abiria kilikuwa kimoja tu. Mimi nilikuwa na fomu za kumaliza. Ilikuwa saa tisa mchana, na mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Isingiro, kwenye njia ya Juru.

Byamungu akampa Furaha simu yake. "Shemeji, kamata telefone. Kwenye kona unifilme video."

Niliwapungia mkono. Wasomaji wangu, niliwapungia mkono!

Baada ya saa moja na nusu simu yangu ikaita. Jina lililotokea ni Byamungu. Nikaitikia kwa sauti tamu ambayo sasa nikiikumbuka natamani kujificha chini ya kitanda.

Haikuwa sauti yake. "Hallo! Wewe nani ya hii dereva? Kuja haraka. Gari imeanguka kwa mtaro. Dereva imekimbia. Kuko mama hapa, simu iko kwa mkono yake, mguu imevunjika mbaya."

Alikuwa mwendesha bodaboda. Mungu ambariki popote alipo, maana wengine walikuwa wanapiga picha.

Mvua ilikuwa imelowesha barabara ya udongo. Gari lilifanya kile lilichotengenezewa kufanya. Lilipinduka mara mbili, na Furaha, ambaye hakufungwa na kitu chochote, akatupwa humo ndani kama gunia la maharage. Nyonga ikavunjika, na paja. Byamungu hakuwa na mkwaruzo. Mkanda wa upande wake yeye hakuutoa.

Hospitalini polisi alinikuta kwenye benchi. Alikuwa na karatasi yangu mkononi, yenye alama zangu nzuri, zote zimeelekea upande mmoja.

"Mama, hapa umeandika mushipi iko. Ilikuwa?"

"Ilikuwepo," nikasema. "Nilikagua mwenyewe. Labda alikataa kuufunga."

Nilisema "labda". Polisi hakuandika labda. Na mimi, mwalimu ninayekata alama kwa herufi moja, sikumsahihisha.

Furaha alipopata fahamu alisema gari halikuwa na mkanda. Nani amsikilize? Karatasi ilisema upo. Dada yake msomi alisema upo. Juru nzima ikaamua kwamba Furaha ni mwanamke wa kiburi, alikaa mbele na kitenge chake akakataa mkanda ili kisikunjike. Hadithi ikaongezewa kitenge! Mimi nilikuwa na ukweli wote, nikauficha.

Byamungu alivuka mpaka pale Kikagate. Miezi miwili baadaye nikasikia yuko upande wa Tanzania na mkewe. Ndiyo, mkewe! Wa siku zote, wa kabla yangu. Nililia juma zima, na aibu yangu kubwa ni kwamba sikuwa namlilia Furaha.

Furaha sasa anatembea kwa fimbo. Baiskeli yake imeuzwa. Shambani hawezi kuinama. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nimebeba mkate na sabuni kama mgeni. Mama mkwe wake alikuwa anachagua maharage uani. Furaha alipoomba asaidiwe kusimama, yule mama hakuinua hata kichwa.

"Ulikataa mukanda. Kataa na fimbo basi, tukuone!"

Wanawake wawili walicheka. Furaha aligeuza uso. Alinitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, akingoja...

Nikasema mkate utakauka, afadhali tuule.

Nilirudi Nyamitanga nikiwa najichukia kwa namna ambayo hata mimi, niliyezoea kujicheka, sikupata mzaha wake. Kesho yake nikaandika barua mbili. Ya kwanza niliipeleka polisi na nakala nikampa Afande, ambaye alinifokea mbele ya watu: "Wewe mama ulitaka harusi, sasa umekosa, unataka kuua mchezo yetu!" Nilimwacha afoke. Alikuwa na haki ya sehemu moja ya maneno yale.

Barua ya pili nikampa mfanyabiashara wa maharage aipeleke Juru, isomwe mbele ya mama mkwe na wote waliocheka. Niliandika kwamba mkanda haukuwepo. Niliandika kwamba niliona ukifunguliwa. Na kwamba jioni ile ya ajali Byamungu alinipigia simu, akanifundisha la kuwaambia polisi, na mimi kwa upofu wa mapenzi nikamtii.

Ninyi mnaonisoma, hasa mnaoheshimiwa kwa kalamu, nawasihi. Msiweke alama kwenye kitu cha kuazima. Mkanda unaotolewa baada ya ukaguzi ni mbaya kuliko gari lisilo na mkanda, maana lisilo nao halimdanganyi mtu. Na gari la uwanjani libaki uwanjani, hata kama dereva wake anakwenda kukuposa. Sheria zile nilizitafsiri zikawa nzuri kusoma. Nilifikiri hiyo ndiyo kazi yake.

Jana mchana Furaha alinipigia. Nilikuwa nasahihisha daftari. Nyuma yake nilisikia kuku, na sauti ya yule mama mkwe ikimwita kwa upole, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Yaya, barua imefika. Baliisoma mbele ya bote."

"Mdogo wangu, nisamehe..."

"Ngoja. Niko na swali moja tu. Unaandika ati Byamungu alikupigia telefone, akakufundisha ya kusema."

"Ndiyo."

"Alinipatia telefone yake ile nimufilme. Gari ilipoanguka, aliruka mu dirisha, akakimbia. Telefone ilibakia mu mukono yangu mpaka ku hospitali. Hakuwa na ingine." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Sasa, Yaya... alikupigia na nini?"

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

"Hakunipigia," nikasema.

"Ile maneno ya kusema nilikataa mukanda. Ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu."

"Basi," akasema Furaha. "Ni hiyo tu nilikuwa nangojea." Akakata simu.