Soksi za Waziri Mkuu

Kila asubuhi Vaisua alipanda pikipiki yake kwenda ofisini. Miguuni alivaa ndara. Begani alining'iniza chupa ya chai, nzito kwa maziwa matamu ya kopo. Ilipofika saa nne chupa ilikuwa tupu, naye bado ana kiu.

Alikuwa Waziri Mkuu, lakini barabarani hakuna aliyemwogopa.

"Vaisua! Tangi la maji la shule linavuja!" alipiga kelele mama mmoja.

"Nimesikia, mama! Nipe wiki!"

"Wiki ulishanipa mwezi uliopita!"

Alicheka, akaongeza mwendo. Hakuzaliwa mkubwa huyu. Baba yake alilima magimbi kwenye mashimo ya kisiwa cha Motulua. Vaisua aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaenda baharini. Miaka kumi na minne alipaka grisi mitambo ya meli za watu. Aliporudi alisimamia ushirika wa mbata, na watu wakaona kwamba mizani yake haiibi. Wakamfanya mbunge.

Katika visiwa vile bunge lina viti kumi na vitano, na wabunge wenyewe ndio humchagua Waziri Mkuu. Wanane walimtaka Vaisua. Saba walimkataa. Nane kwa saba. Alilala na hesabu hiyo na kuamka nayo.

Sasa mwaka wa tatu ulikuwa umeingia. Bahari ilikuwa inakula Motulua, maji ya chumvi yanaingia kwenye mashimo ya magimbi. Vaisua aliapa kujenga ukuta. Lakini mpinzani wake, Felavai, alikuwa ameomba bunge lipige kura ya kumwondoa. Felavai alikuwa mtu wa suti. Ndiye mwanamume pekee wa visiwa vile aliyevaa viatu vya ngozi na soksi katika joto lile, na watu walisema ni maringo. Kura ingepigwa baada ya miezi miwili. Vaisua akikosekana, zingebaki saba kwa saba, na hapo Spika ndiye angeamua. Spika alikuwa mjomba wa Felavai.

Basi Vaisua hakutaka kuugua. Alipokanyaga msumari akisaidia kuvuta boti, hakumwambia mtu. Kidonda hakikumuuma, akafurahi. Kila jioni aliloweka mguu kwenye maji ya bahari yaliyochemshwa, kama wafanyavyo mabaharia. Kidonda kilipoanza kutoa maji alinunua soksi nyeusi, akakifunika. Kura ilipobaki wiki tatu, akapanda meli kwenda Motulua, kuwaomba wazee ardhi ya kujengea ukuta. Meli ingemrudia baada ya wiki mbili.

Mlangoni mwa jumba la mkutano kila mtu huacha ndara zake nje. Vaisua aliacha zake. Soksi zikabaki.

Wanawake waliokuwa wakitandika mikeka waliangua kicheko.

"Mheshimiwa, kwani huko kwenu kuna barafu?"

"Mwacheni! Anafanya mazoezi ya kuwa Felavai!"

Vaisua naye alicheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Sepola, mke wa kaka yake, muuguzi wa zahanati ya kisiwa. Yeye aliwaona nzi. Kila Vaisua alipokwenda, nzi watatu waliifuata soksi ya kulia.

Mkutano ulipokwisha alimshika mkono.

"Shemeji, njoo zahanati."

"Kesho, shemeji. Leo nina wazee."

"Leo. Au nikuvue hiyo soksi hapa hapa mbele yao."

Alimjua. Angeivua kweli. Akamfuata.

Soksi ilipotoka, Sepola aliinama karibu. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole, na kingo zake zilikuwa nyeusi. Akakigusa kidonda kwa kijiti.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Ndiyo maana najua si kibaya."

"Ndiyo maana ni kibaya! Kidonda kama hiki kingekuliza machozi. Mguu wako umekufa ganzi. Unakojoa mara ngapi usiku?"

"Swali gani hilo la kumuuliza Waziri Mkuu?"

"Namuuliza shemeji yangu. Mara ngapi?"

"Nne. Tano."

"Na kiu?"

Vaisua aliitazama chupa yake ya chai. Sepola alimchoma kidole kwa sindano ndogo, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Kikaonyesha kumi na tisa.

"Mtu mzima asiye na ugonjwa hafiki hata nane," alisema. "Una kisukari, Vaisua. Na si cha jana."

"Kisukari ni cha watu wa kukaa tu! Mimi nimefanya kazi tangu utoto."

"Kazi gani sasa? Unakalia kiti, unapanda pikipiki, na kila kisiwa unalishwa nguruwe wa mafuta. Sukari imejaa kwenye damu. Inaua hisia za miguu, inaharibu mishipa, na kidonda kinakataa kupona. Nawe ukakichemsha kwenye maji ya moto bila kusikia unaungua."

"Nipe vidonge basi, niendelee na ziara."

"Vidonge nitakupa, na sindano pia. Lakini huendi popote. Utalala hapa, mguu juu, nikisafishe kila siku. Bado hakijafika kwenye mfupa. Kikifika, utakatwa."

"Sepola, kuna kura! Nikionekana mgonjwa wananing'oa!"

"Na ukifa utaipiga vipi hiyo kura?"

Sepola alimpigia daktari wa makao makuu kwa redio. Daktari alisikiliza, akataja dawa, akasema maneno yale yale. Akaongeza kwamba homa ikipanda, boti ya dharura itumwe mara moja. Vaisua alisikia yote. Akautazama mguu wake kama mtambo uliokwama. Baharini alikuwa amejifunza jambo moja: mtambo ukigonga, huuzibi kwa tambara ili nahodha asisikie. Unauzima, unaufungua.

"Haya," alisema. "Fungua."

Kukawa na shida nyingine. Kesho yake ilikuwa karamu. Kwa desturi ya Motulua mgeni hupewa kikapu kilichosukwa kwa ajili yake, na hakuna anayekula kabla yake. Mgeni akikataa kikapu, ameikataa ardhi yenyewe. Naye alikuja kuomba ardhi.

Walimpeleka kwa toroli, mguu umefungwa bendeji nyeupe. Kikapu kikawekwa mbele yake: kichwa cha nguruwe, na magimbi yaliyopondwa kwa asali ya mnazi, utomvu mtamu uliochemshwa ukawa mzito. Mzee Niuatui, mkuu wa kisiwa, mtu mnene mwenye sauti ya radi, akasema, "Kula, mwanetu, nasi tule."

Vaisua hakugusa kikapu. Alifungua bendeji.

"Wazee wangu, mama zangu, tazameni. Nilivaa soksi kuwaficha hiki. Nina kisukari. Nikila kikapu hiki kama nilivyozoea, mtanizika na mguu mmoja."

Niuatui alipiga mkeka kwa kiganja.

"Yaani unakataa chakula chetu? Unataka ardhi yetu na chakula chetu hukitaki?"

"Sikatai Motulua, baba. Yule jodari pale nani alimvua, si ninyi? Naomba jodari. Naomba gimbi kipande kimoja, bila asali. Nitakula wa kwanza, na nitakula mbele yenu."

"Mpeni samaki!" alisema bibi mmoja kutoka nyuma. "Wazee wetu walikula samaki na magimbi, na miguu yao walikufa nayo yote miwili!"

Watu wakacheka. Niuatui hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua kikapu kwa Vaisua, akaweka chini, akaagiza samaki. Vaisua alikula, kisha jumba zima likala.

Karamu ilipokwisha, Niuatui alimsogelea Sepola kwenye kona. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, hicho kipimo. Kinauma?"

Wiki ile walipimwa watu thelathini na saba, na kumi na mmoja kati yao walikuwa na sukari ya juu. Sepola aliwafundisha chini ya bati la zahanati. Vidonge humezwa kila siku, hata unapojiona mzima. Miguu inaoshwa, inakaushwa katikati ya vidole, inatazamwa juu na chini kila jioni. Usiiloweke. Usitembee peku. Chai inywewe bila sukari wala maziwa ya kopo. Nguruwe asiwe wa kila siku.

"Na asali ya mnazi?" aliuliza Niuatui.

"Baba, umeipima damu yako au hukuipima?"

"Nimeuliza tu."

Vaisua alilala pale, mguu juu ya mto. Wazee walikuja kuzungumzia ukuta wakiwa wamekaa kando ya kitanda chake, na siku ya tisa walikubali kutoa ardhi. Habari zilipofika makao makuu, Felavai alisema redioni kwamba mtu asiyeweza kutunza mguu wake hawezi kutunza nchi. Vaisua alijibu kwa redio ya zahanati, na jibu lake likatangazwa: "Ni kweli sikuutunza. Sasa nautunza. Nendeni mkapimwe."

Meli ilipofika, kidonda kilikuwa chekundu na safi, nusu ya kilivyokuwa. Sepola alisafiri naye ili daktari akikague, naye achukue dawa zaidi za zahanati. Siku ya kura Vaisua aliingia bungeni kwa magongo mawili, mguu mmoja kwenye kiatu laini cha wazi. Hakuficha kitu. Kura zikahesabiwa: saba za kumwondoa, nane za kumbakiza.

Nje ya ukumbi alimkuta Sepola akimsubiri na dawa za mchana. Akameza kwa maji. Alipogeuka, Felavai alikuwa amesimama nyuma yao, peke yake, viatu vyake vya ngozi viking'aa.

"Hongera," alisema Felavai.

"Asante."

Felavai hakuondoka. Alitazama huku na huku. Kisha akauliza polepole, "Huo mguu wako... mwanzoni ulikuwa hausikii kitu kabisa?"

Vaisua alimtazama usoni. Kisha akatazama chini, kwenye soksi ambazo watu wote walikuwa wakizicheka miaka yote ile. Akamsogezea kiti.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Sepola, lete kipimo. Nawe Felavai, vua soksi."