Plasta ya Chumba cha Nyuma

Chokaa iliniishia jioni, kuta mbili zikiwa bado. Nikanawa mikono, nikafunga kitambaa kichwani, nikakimbilia duka la vifaa vya ujenzi. Nikakuta kufuli mlangoni. Mwenye duka alishaenda zake, na giza lilikuwa linaanza kuingia.

Nilirudi nimefura. Mniwie radhi, mimi hasira zangu ziko karibu, na safari ile nilikuwa na sababu. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba kuukuu, tukasema tutaikarabati wenyewe huku tunaishi humo humo. Marehemu baba yangu alikuwa muashi. Nimekua nikimkorogea udongo, na mwiko naujua kuliko mume wangu anavyoujua. Basi tukawa tunahama chumba hadi chumba kama paka na watoto wake. Kitanda kimoja watu watatu, sufuria chini ya meza, vumbi hadi kwenye chai.

Wa tatu ni binti yetu wa miaka sita. Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kunyamaza. Anaongea na kuku, anaongea na ndoo, anaongea hata usingizini. Baba yake hutania kwamba mtoto sura kachukua kwake, mdomo kachukua kwangu.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimebomoa plasta ya ukuta mmoja wa chumba cha nyuma. Haikufanana na nyingine humo ndani. Ilikuwa ya kijivu, nene isivyo kawaida, na ya baridi hata jua likiwa la utosi. Rundo lake lilikuwa uani. Baba alinifundisha kwamba plasta ya kale ya chokaa haitupwi: unaiponda, unaichekecha, unaikoroga na chokaa kidogo mpya, basi inashika kuliko mwanzo. Na kidogo cha kukorogea nilikuwa nacho, chini ya ndoo.

"Usiichanganye hiyo," mume wangu akasema. "Ina harufu."

"Harufu ya nini?"

Akainama, akanusa tena. "Ya mdomo wa mgonjwa."

"Basi usiibusu," nikamjibu.

Nikachekecha. Kwenye chekecheo zikabaki nywele. Sikushtuka, kwani mafundi wa zamani walitia manyoya ya mbuzi kwenye plasta ili isipasuke. Nikaendelea. Kisha ukabaki msuko. Mmoja tu, mfupi kama kidole changu cha mwisho... umefungwa nchani kwa uzi mweusi.

Mbuzi hasukwi.

Nilijua. Sitawadanganya, nilijua pale pale kwamba lile si jambo la kheri. Lakini nilikuwa hoi, nilitaka chumba kiishe tulale kama watu. Nikautupa msuko jalalani, nikakoroga, nikapiga zile kuta mbili. Na kwa kuwa rundo lilibaki kubwa, kesho yake nikanunua chokaa nyingine, nikalimalizia nyumba nzima. Sebule, jiko, chumba cha kulala, hadi korido. Kuta zikatoka laini, mume wangu mwenyewe akanipa heko.

Plasta ikakauka. Isipokuwa madoa. Kila ukuta ulibaki na doa moja bichi, upana wa kisosi, kwenye kimo kile kile. Nilipima kwa mkono. Ni kimo cha mdomo wa mtoto.

Siku ya tatu, magharibi, nilikuwa jikoni. Nikaita, "Chiriku!"

"Abee, mama!" Sauti ikatoka chumba cha nyuma.

"Njoo unishikie tochi."

"Nakuja..."

Hakuja. Nikaita tena, akaitika tena, hakuja. Nikaenda na hasira zangu, ulimi umeshajiandaa. Chumba kitupu. Nikachungulia dirishani nikamwona uani, amechuchumaa, anamtazama kuku. Midomo ameifumba.

"Nakuja, mama."

Ukuta ulisema hivyo. Nyuma ya kisogo changu.

Sijui nilitokea mlangoni au dirishani. Nikamshika mtoto mabega. "Sema kitu, mwanangu. Sema chochote!" Akanitazama, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu, yenye harufu ya chokaa mbichi. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa siku mbili nilikuwa namwona amesimama ameelekea ukutani, ananong'ona, nikidhani ni michezo yake. Na nyumba ilipotulia nilishukuru. Nilishukuru! Mama gani huyo?

Daktari akammulika koo, akasema halina kitu, tumpe muda. Lakini muda ulikuwa unatunyonga. Kila jioni kuta zilianza kuongea. Kutoka jikoni, vichekesho vyake. Kutoka korido, wimbo aliomtungia kuku. Na yeye mwenyewe ameketi katikati ya sebule, machozi yanamtiririka, anasikiliza sauti yake ikimzunguka. Mume wangu alitoka nje akalia nyuma ya choo, akidhani simwoni.

Nikampigia simu bibi aliyetuuzia nyumba. Nikamweleza yote.

"Mmeugusa ule ukuta wa chumba cha nyuma?" akauliza.

"Tumeugusa, bibi."

"Huo msuko ni wa dada yangu mkubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa mtoto wa kusema. Akisema fulani ataugua, anaugua. Akisema fulani harudi, harudi. Hatukujua kama anaona tu, au ndiye anayeleta. Wazazi wakaogopa. Akaitwa mtu, akamkata nywele, akazikandika kwenye ukuta ule. Tangu siku hiyo dada hakutamka neno, miaka arobaini, hadi tunamzika."

"Sasa mwanangu kakosa nini?"

"Hajakosa. Ukuta uliozoeshwa kumeza haubagui. Ndiyo maana tuliweka kabati pale, mtu asiukaribie. Nilipaswa kuwaambia... Niliona aibu." Akavuta pumzi. "Ile plasta mliitupa wapi?"

"Sikuitupa, bibi. Nimeipiga nyumba nzima."

Nikasikia analia. Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupokelewa.

Hatukungoja kukuche. Mume wangu akachukua nyundo, mimi patasi, mtoto tukamketisha kwenye ngazi ya nje amefunikwa blanketi. Tukaanza na sebule. Kila kipande kilichoanguka kiliangusha neno. "Mama." "Njaa." "Sitaki." "Kuku wangu." Sauti ya mwanangu ilikuwa imezagaa sakafuni, na mimi nalia, nabanja, nalia.

Tulipofika chumba cha nyuma, kipande cha kwanza kikaanguka.

"Hafiki Ijumaa."

Haikuwa sauti ya Chiriku. Ilikuwa ya msichana mwingine, mkubwa kidogo, anayesema haraka haraka kama anayeogopa kukatizwa. Kikaanguka cha pili. "Na yule naye." Cha tatu. "Niacheni niseme..."

Mume wangu akashusha nyundo. "Hii si ya mtoto wetu," akanong'ona. "Hii tuiache."

"Ya mtoto wetu nayo imo humo humo!"

"Tutaitoa na hiyo nyingine."

"Banja!" nikamwambia. "Banja tu!"

Nilikuwa nimezichanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Nani angezichambua?

Tukabanja hadi tofali. Tukapakia kifusi kwenye mkokoteni, safari baada ya safari, tukakimwaga kwenye shimo la machimbo lililoachwa. Tuliporudi safari ya mwisho, pale kwenye ngazi, sauti ndogo yenye mikwaruzo ikasema, "Mama, nina njaa."

Nilipiga magoti. Sijawahi kupenda maneno kama yale.

Wiki nzima tulikuwa watu wenye raha. Kuta tupu, vumbi tele, na Chiriku anaongea maradufu. Hata jirani akauliza mtoto kameza redio gani.

Jumamosi nilikuwa namchana nywele. Akasema, bila kugeuka, "Shangazi kaanguka bafuni."

Simu ilikuja baada ya saa moja. Wifi yangu alikuwa amevunjika nyonga. Mimi na mume wangu tukatazamana, tukaambiana ni sadfa.

Jumatano akasema, "Mwalimu wetu haji tena."

"Kahamishwa?"

"Hapana."

Alhamisi watoto walirudishwa nyumbani asubuhi. Shule ilikuwa na msiba.

Sikumuuliza anajuaje. Niliogopa kwamba atanijibu.

Jana jioni tulikuwa tunakula. Mume wangu anaeleza jinsi atakavyopanda kesho kubadilisha mabati yaliyooza, anapima hewani kwa mikono, anajisifu. Chiriku akaweka kijiko chini. Akamtazama baba yake kwa muda mrefu, kwa huruma ambayo mtoto wa miaka sita hana.

"Baba," akasema, "kesho—"

Kiganja changu kilikuwa mdomoni mwake kabla sijafikiri.

"Kulikoni?" mume wangu akashtuka. "Mwache mtoto aseme. Alitaka kusema nini?"

Kama anaona tu, nimemziba anayetaka kumwokoa baba yake. Kama ndiye anayeleta, basi... Kupanda ningeweza kumzuia. Lakini nani aliniambia ni bati? Labda ni barabara. Labda ni moyo wake tu, hapo hapo kitandani. Wale wazazi nao hawakujua. Nimewalaani siku zote hizi, na sasa mkono wangu ulikuwa unafanya kazi yao.

"Anataka maji," nikasema.

Mume wangu akainuka kwenda kuleta. Mkono sikuutoa. Na chini ya kiganja changu, polepole, nikahisi midomo ile midogo ikiendelea, neno kwa neno, hadi akamaliza.