Msomaji wa Pili

"Shikamoo dada Benedicta. Nataka jina lake tu, sitamsumbua."

"Marahaba. Jina la nani tena, Zubeda?"

"Msomaji wa Pili."

Walikuwa wanaongea kwa simu. Benedicta alikuwa mhariri wa jarida la mambo ya kale ya Ugiriki na Roma, na sheria ya jarida ni moja: makala husomwa na wasomaji wawili, hawaambiwi nani kaandika, na mwandishi haambiwi nani kasoma. Zubeda mwenyewe huwafundisha wanafunzi wake sheria hiyo. Leo ndiye anayebembeleza ivunjwe.

Tusimcheke. Nyumba yake ya Chamazi ina vyumba vitatu na sauti moja tu, nayo ni ya friji. Makala yake ilihusu makaburi ya Roma, na maneno ambayo watumwa walioachwa huru, mume na mke, waliandikiana juu ya mawe. Msomaji wa Kwanza alimpa mistari miwili: nzuri, fupisha. Msomaji wa Pili alijaza kurasa sita. Alimpinga, akamuuliza, akamsifia alipostahili. Pembeni ya tafsiri moja aliandika: "Hapa umeharakisha. Huyu mke hakusema mumewe alikuwa mwema. Amesema waliishi bila kulalamikiana. Mwache aseme alivyosema." Zubeda aliyasoma hayo akiwa jikoni, wali ukaungua.

Makala ikawa inakwenda na kurudi kupitia kwa mhariri. Kila iliporudi, Zubeda alioga kwanza, akajifukiza udi, ndipo akafungua kompyuta. Mara ya mwisho alimalizia majibu yake hivi: "Sijawahi kusomwa namna hii. Ningependa kukufahamu."

"Ameniandikia mwenyewe leo asubuhi," Benedicta akasema taratibu. "Anasema alikutambua tangu ukurasa wa kwanza, akanyamaza. Ameniruhusu nikutajie. Ni Twalib Mwishehe."

Zubeda akakaa sakafuni.

Twalib! Yule yule wa Bunju, mchumba wake, aliyeahirisha ndoa mara mbili kadi zikiwa zimeshagawiwa, eti amalizie kwanza tasnifu yake. Zubeda alimfungia namba, ukawa mwisho wao.

"Makala itabidi ianze upya kwa wasomaji wengine, mdogo wangu. Huenda ikachukua mwaka. Pole."

"Ianze tu, dada."

Akaifungua ile namba, akapiga. Twalib alipokea simu kabla haijaita sawasawa.

"Zubeda..."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenijibu?"

"Nisingekujibu."

"Ndo hivyo. Ulinifungia kila mlango. Makala ilipoletwa kwangu nikasema, angalau hapa atanisikiliza. Nilijua nakosea. Halafu ukaandika unataka kumfahamu huyo msomaji, nikashikwa na wivu. Namwonea wivu nani? Mie mwenyewe! Nikaona sasa nachanganyikiwa."

Zubeda alitaka kucheka, kikaja kilio.

"Unajua kinachoniuma? Sio makala. Wewe muda wote huo ulikuwa unaongea na Zubeda. Mie nilikuwa naongea na nani? Wewe ulikuwa na mwenzio. Mie nilikuwa peke yangu humu ndani, nampenda mtu ambaye hayupo."

"Nipo."

"Hukuwepo, Twalib! Mtu aliyepo ana jina."

Twalib akawa analia, wala hakujificha.

"Nisamehe. Nije?"

"Usije."

Akakata. Jioni nzima alizisoma upya zile kurasa, safari hii akiisikia sauti ya Twalib katika kila swali, na hasira ikazidi, kwa sababu alikuwa bado anampenda. Alimpenda kabla, akampenda tena bila kujua ni yeye. Akachukua simu, akaandika: "Sijakusamehe. Kesho asubuhi njoo tubishane ana kwa ana."

Kulipokucha geti likagongwa.

"Hodi!"

Zubeda alishajua ni nani. Akasimama nyuma ya geti, mkono kwenye komeo.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akabaki na shuka mkononi, akatega sikio.

"Twalib Mwishehe, wa Bunju," ikajibu sauti, kubwa ya kusikika hadi nyumba ya tatu. "Niliyekuahirisha mara mbili, nikakusoma kwa kujificha. Nimekuja kwa jina langu."

Zubeda akavuta komeo.